Mahakama iliamuru mtalaka wangu anilipe matunzo, huu mwezi wa 14 hajatuma hata senti. Naanzia wapi?

Kipepeo_Mweusi
Habari zenu. Niende kwenye mada. Tuliachana kwa talaka ya mahakama na kwenye hukumu kuna amri anilipe matunzo kila mwezi, matunzo yangu mimi, watoto ni wakubwa wana maisha yao. Miezi mitano ya mwanzo alilipa vizuri, ukaja wa "vumilia kidogo", ukaja wa kutopokea simu, leo nahesabu mwezi wa 14 hakuna kitu. Kazi anayo, gari kabadilisha, picha za matembezi anatupia kila wikiendi. Mi nilijua mahakama ikishaamuru wao ndo wanafuatilia, kumbe. Nimeenda masjala kuuliza karani akanijibu "mama hilo faili limeshafungwa" akaendelea na mambo yake. Nauliza njia za KISHERIA, sitaki waganga na sitaki kuambiwa nimpigie mke wake mpya. Nchi sitaji, ndugu zake wamejaa humu.

Fundi_Sio_Mganga
Nimewahi siti ya mbele. Mganga umeshamkataa kwa hiyo sina mchango.

Nyundo_ya_Mbao
Pole dada. Karani hajakosea ila hakukumalizia. Kesi imefungwa, lakini kukaza hukumu ni hatua nyingine kabisa na wewe ndo unaianzisha. Unaandika maombi ya utekelezaji kwenye faili lile lile, unataja tarehe ya hukumu, alitakiwa alipe kiasi gani, amelipa ngapi, kimebaki ngapi, na unasema unaomba mahakama itumie njia gani. Njia zenyewe kwa sehemu nyingi hazitofautiani sana: kukata mshahara kabla haujamfikia, kushika pesa zilizoko benki, kukamata mali na kuuzwa na dalali wa mahakama, na ya mwisho kifungo cha madai. Mahakama haikuchagulii, ukiandika tu "naomba anilipe" unarudishwa nyumbani.

Tausi_wa_Pwani
Nyundo hapo kwenye "haikuchagulii" usiwapige wote rungu moja. Uingereza kuna fomu unajaza unaiomba mahakama yenyewe ichague njia inayofaa baada ya kumhoji mdaiwa kuhusu kipato na mali zake. Inasaidia sana mtu ambaye hajui mwenzake kaficha wapi. Halafu mtoa mada angalia sana hiyo miezi 14, kwa sheria yao ya 1973 malimbikizo ya zaidi ya miezi 12 huwezi kuyakazia bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa sio lazima upewe. Kama uko huko miezi yako miwili ya mwanzo ishaanza kunuka.

Kipepeo_Mweusi
Mungu wangu, yaani kumvumilia kote kule nilikuwa najimaliza mwenyewe?

Nyundo_ya_Mbao
Inategemea nchi, ndo maana ungeitaja tu. Tanzania kwa mfano Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema malimbikizo yanadaiwa kama deni, ila yaliyopita miaka mitatu kabla hujafungua madai huyapati. Kwa hiyo miezi 14 huko bado uko salama. Tausi asante kwa sahihisho, nilikuwa naongelea nilikozoea.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Mi nauliza swali la kizushi. Mwanamke ameachika, ana mikono miwili, watoto wakubwa, matunzo ya nini? Ndoa imekufa, mwacheni mwenzenu apumue.

Bi_Zaytuna
Mzee wa busara, hilo "kidogo" kwenye jina umelipatia. Swali lako lilikuwa la siku ile kabla hakimu hajatoa hukumu. Amri ikishatoka haijadiliwi, inalipwa au inaombewa mabadiliko hapo hapo mahakamani. Mdaiwa hajipi msamaha mwenyewe.

Mdaiwa_Mpole
Naomba nichangie kutoka upande wa pili, na msinirushie mawe. Mimi ndo niliyekuwa sijalipa. Nilipunguzwa kazini, nikapata kibarua cha nusu ya mshahara wa zamani, nikawa namtumia mama watoto nusu kila mwezi na nilimwambia hali halisi akasema sawa. SAWA ya mdomo. Mwaka na kitu baadae napigiwa simu na dalali wa mahakama ana orodha ya vitu vya sebuleni kwangu. Kumbe ile nusu niliyokuwa silipi ilikuwa inajilimbikiza tu, maana amri ilikuwa bado inasoma kiasi kile kile. Wakili wangu aliniambia kosa langu halikuwa umasikini, kosa langu lilikuwa kutokurudi mahakamani wiki ile ile niliyopunguzwa kuomba kiasi kipunguzwe. Nikaomba, nikapunguziwa, lakini kuanzia siku niliyoomba kwenda mbele, la nyuma likabaki deni langu.

Kigoda_cha_Mvule
Mdaiwa Mpole umenifungua macho aisee, mi mwenyewe niko kwenye "sawa ya mdomo" mwezi wa tatu huu.

Mdaiwa_Mpole
Kimbia ndugu yangu. Kama mmekubaliana basi iandikwe, wote wawili msaini, ipelekwe mahakamani igeuzwe kuwa amri ya maridhiano. Meseji za simu nilizileta kama ushahidi, hakimu akazisoma akasema zinaonesha nilikuwa muungwana lakini hazifuti amri.

Mama_Chuma
Ngoja niwape ya kwangu kuhusu kukata mshahara maana naona mnaisifia. Niliomba, nikapewa, amri ikapelekwa kwa mwajiri wake, miezi mitatu pesa inaingia tarehe ile ile raha mustarehe. Mwezi wa nne kimya. Nauliza naambiwa ameacha kazi. Ameacha kazi lakini kila asubuhi anaingia geti lile lile na begi lile lile! Nikaja kugundua wamemgeuza "mshauri" analipwa kwa ankara, hayupo tena kwenye orodha ya mishahara. Nikarudi mahakamani, hakimu akasema amri ilikuwa ya mshahara, na mshahara haupo. Nikaanza upya kabisa, safari hii kushika pesa anazodai kwa hiyo kampuni.

Nyundo_ya_Mbao
Mama Chuma hapo ulipofikia ndo penyewe. Watu wanadhani njia hii ni ya benki tu, kumbe mtu yeyote wa tatu mwenye pesa ya mdaiwa anaweza kuamriwa akulipe wewe badala yake. Benki, mpangaji wa nyumba yake, kampuni inayodaiwa ankara, wote hao. Ulifanikiwa?

Mama_Chuma
Nilipata ankara mbili. Ya tatu wakaanza kumlipa mkononi.

Fundi_Sio_Mganga
Huyu jamaa angetumia hiyo akili kwenye kazi angekuwa bosi wa hiyo kampuni.

Njiwa_Manga
Jamani mnapoteza muda. Anyang'anywe paspoti, atalipa ndani ya wiki. Marekani wanafanya hivyo, deni likizidi dola 2,500 hupewi paspoti.

Tausi_wa_Pwani
Njiwa hiyo ni kweli nusu. Ile ya Marekani ni malimbikizo ya matunzo ya WATOTO. Mtoa mada kasema anadai yake mwenyewe.

Baridi_Kali
Nami nimsahihishe Tausi kidogo, au nimwongezee. Kanada sheria ya serikali kuu haibagui matunzo ya mtoto na ya mwenzi kwenye hili, mtu akikosa malipo kamili ya vipindi vitatu au deni likifika dola 3,000 za huko, paspoti inaweza kuzuiwa. Na jimbo la Ontario wana ofisi maalumu ya kukusanya matunzo, amri ikitoka inasajiliwa kule, mwajiri anakata anapeleka ofisini, ofisi inakutumia. Mdaiwa akigoma wanaweza kusimamisha hata leseni yake ya udereva. Mtalaka wangu alikuwa dereva wa malori. Barua ya kwanza tu ya onyo alilipa.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Sasa ukimnyang'anya dereva leseni atalipa na nini? Hiyo ni akili au ni hasira?

Baridi_Kali
Ndo maana nimesema barua ya onyo babu. Leseni haikufika kuchukuliwa.

Kigoda_cha_Mvule
Kwa mara ya kwanza namwelewa mzee wa busara. Hata kifungo nakiona hivyo hivyo, mtu akiwa ndani pesa inatoka wapi?

Askari_Mstaafu
Kwenye kifungo nina la kusema maana nimewapokea wengi. Mfungwa wa madai sio mhalifu. Kwa sheria za mwenendo wa madai za Tanzania na Kenya, anayedai ndo anatoa pesa ya kumtunza mdaiwa akiwa ndani, usipolipa hiyo posho anaachiwa. Na akitoka deni halijafa, linabaki pale pale. Nimeona akina mama wanakuja wanalia, anadai matunzo halafu ndo anamlipia chakula aliyemnyima matunzo. Ila niwaambie ukweli, wengi walikuwa hawalali ndani hata siku mbili. Pesa ambayo miaka haikuwepo ilipatikana asubuhi.

Bi_Zaytuna
Haha "ilipatikana asubuhi". Ndugu wanachanga.

Nyundo_ya_Mbao
Askari umesema vizuri ila niongeze, hafungwi mtu kwa sababu hana. Lazima ionekane ana uwezo na anakataa. Uingereza bado wanatumia sheria ya wadaiwa ya 1869 kwa haya mambo, kifungo hakizidi wiki sita, na anayedai ndo anatakiwa athibitishe kwa kiwango cha kesi ya jinai kwamba huyu mtu alikuwa nazo akagoma. Ni mzigo mzito. Kwa hiyo dada Kipepeo zile picha za matembezi na gari jipya usizidharau, piga skrinshoti zikiwa na tarehe, kesho atazifuta.

Kipepeo_Mweusi
Ninazo 60 na kitu. Dada yangu aliniambia nina wivu wa kumfuatilia.

Fundi_Sio_Mganga
Kuanzia leo mwambie ni vielelezo.

Simba_Mlazimishaji
Mi ningezibandika hizo picha kila grupu na jina lake kamili, "huyu hapa anakula bata na matunzo halipi". Aibu inalipa kuliko hakimu.

Mama_Chuma
Simba usimpotoshe. Shoga yangu alifanya hivyo, akashtakiwa kwa kumchafulia jina, kesi ya matunzo ikasimama ya kashfa ikatangulia. Na kosa lingine la aina hiyo ni kumzuia mtu kuona watoto mpaka alipe. Hayo ni mambo mawili tofauti, ukiyachanganya wewe ndo unageuka mkosaji mbele ya hakimu. Najua kwa sababu nililifanya.

Njiwa_Manga
Haya, na kama kahamia nje ya nchi? Maana wa kwangu yuko Ulaya, amri niliipata huku.

Tausi_wa_Pwani
Kuna mkataba wa The Hague wa 2007 wa kukusanya matunzo kimataifa, ulianza kazi 2013. Nchi zote mbili zikiwa ndani yake, amri ya huku inatambuliwa na kukaziwa kule.

Baridi_Kali
Tausi leo zamu yako kusahihishwa tena, utanisamehe. Mkataba huo unabeba zaidi matunzo ya watoto. Ukidai ya mwenzi peke yake, utambuzi na ukazaji wa amri unaupata, ila ile huduma ya ofisi za serikali kusaidiana, kukutafutia mtu alipo na kukupelekea maombi, haikuhusu mpaka nchi iwe imetangaza kuiongeza. Yaani utatafuta wakili wa kule mwenyewe.

Tausi_wa_Pwani
Sawa mwalimu 😂 napokea. Kuna na ule wa zamani wa New York wa 1956, Njiwa uliza kama nchi yako ilijiunga na upi.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Mbona hamsemi akiolewa? Dada akiolewa tena haki yake imekwisha.

Nyundo_ya_Mbao
Ya mbele imekwisha, ndiyo, Tanzania na Uingereza zote zinasema matunzo ya kila mwezi yanakoma akiolewa. Lakini malimbikizo ya kabla ya ndoa mpya yanabaki kuwa deni. Ndoa mpya haimlipii mume wa zamani.

Kigoda_cha_Mvule
Na akiwa anaishi na mtu bila ndoa?

Nyundo_ya_Mbao
Hapo mawakili wanapata hela ya ada ya shule. Kuishi na mtu sio kuolewa, kwa hiyo amri haifi yenyewe, ila mdaiwa anaweza kwenda kuomba ipunguzwe au ifutwe kwa hoja kwamba hali imebadilika.

Bi_Zaytuna
Kipepeo usijibu hilo swali humu. Ndugu zake wamejaa.

Kipepeo_Mweusi
Sijibu kitu mama yangu 🤐

Chozi_la_Mamba
Mbona mnaongea kama wanaodai ni wanawake tu. Mimi ni mwanaume nadai.

Simba_Mlazimishaji
Hahahaha kaka toka nje ya ukumbi taratibu.

Chozi_la_Mamba
Cheka tu. Nilipata ajali, mke wangu ndo alikuwa na kazi, na hakimu aliona. Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mwenzi, haijasema mke. Analipa robo ya kiasi siku anayojisikia.

Nyundo_ya_Mbao
Simba, acha. Hata Tanzania mwanaume anaweza kupewa kama hajiwezi kujipatia riziki kwa ulemavu au ugonjwa, mlango ni mwembamba lakini upo. Chozi, malipo ya nusu nusu ndo mabaya zaidi kwa hesabu. Fungua daftari, kila pesa iliyoingia tarehe na kiasi, kwa sababu mdaiwa atakuja kusema "hiyo ilikuwa matunzo" kwa kila alichowahi kukutumia hata mchango wa msiba. Wapo wanaoleta hadi risiti ya kumtengenezea mwenzake simu.

Mama_Chuma
Wangu alileta godoro. Akamwambia hakimu "nilimnunulia godoro, likatwe". Hakimu akauliza amri ilisema pesa au godoro.

Fundi_Sio_Mganga
Godoro lilikuwa inchi ngapi? Mahakama ilitakiwa ijue.

Askari_Mstaafu
Naona njia mnazisema zote ila mmesahau mali kuhamishwa majina. Kwa uzoefu wangu mtu akisikia dalali anakuja, kesho yake gari ni la kaka, nyumba ni ya mama.

Nyundo_ya_Mbao
Kweli. Tanzania sheria ile ile ya 1971 inaruhusu mahakama kutengua uhamisho uliofanywa kwa lengo la kukwepa matunzo, na hata kuzuia kabla haujafanyika. Ila aliyenunua kwa nia njema na kalipa bei halali anaweza kulindwa, kwa hiyo kuwahi ni muhimu. Gari lililobadilishwa wakati deni linapanda, Kipepeo, ni kitu cha kumuuliza chini ya kiapo.

Njiwa_Manga
Na akijitangaza amefilisika?

Baridi_Kali
Marekani haimsaidii, deni la matunzo ya mwenzi halifutwi na ufilisi. Na mshahara wake wanaweza kukata mpaka asilimia 50 kama ana familia nyingine anaitunza, 60 kama hana, na zinaongezeka 5 akiwa nyuma zaidi ya wiki 12. Deni la kawaida ni asilimia 25 tu.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Asilimia 65 ya mshahara! Hapo mtu si anafanya kazi kwa ajili ya mtalaka.

Bi_Zaytuna
Angelipa kwa wakati asingefika huko. Mi nina lingine, la uzee. Wa kwangu alifariki akiwa na deni la miaka miwili. Nikaambiwa na shemeji zangu "deni limezikwa nae". Sikubishana, nikapeleka hukumu kwa msimamizi wa mirathi kabla hawajagawana. Matunzo ya mbele yalikufa siku aliyokufa yeye kwa sababu hayakuwa na dhamana yoyote, lakini yale ya nyuma nilihesabiwa kama wadai wengine na nilipata karibu yote. Dada Kipepeo kama utarudi mahakamani, uliza kama unaweza kuomba awekewe dhamana, mali fulani ishikilie hayo malipo. Mimi sikujua hilo.

Kigoda_cha_Mvule
Huu uzi nauhifadhi. Mtoa mada umechagua ipi basi?

Kipepeo_Mweusi
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mshahara naona ndo rahisi ila ya Mama Chuma imeniogopesha, kushika benki sijui akaunti anatumia ipi sasa, kifungo moyo haunipi jamani nimeishi nae miaka 19. Leo nimechukua nakala ya hukumu yenye muhuri nianze kuandika maombi. Kuna kitu nimekiona ndo naishiwa nguvu. Jina lake limekosewa herufi moja. Miaka yote hiyo sijawahi kuliangalia.

Mama_Chuma
Wee! Benki watakuambia huyo mtu hawamjui.

Nyundo_ya_Mbao
Tulia, kosa la uchapaji halibatilishi hukumu. Unaandika barua au maombi madogo mahakama isahihishe, ni jambo la kawaida. Ila lifanye KWANZA, kabla ya maombi ya kukaza, usije ukaenda benki na amri ya mtu ambaye hayupo.

Tausi_wa_Pwani
Na ukisahihisha omba nakala tatu nne kabisa zenye muhuri, kila ofisi itataka yake.

Fundi_Sio_Mganga
Mtoa mada swali moja, herufi iliyokosewa ni ipi?

Kipepeo_Mweusi
Nikitaja ndugu zake watajua 😂 Jumatatu naenda masjala, nitarudi hapa.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Msalimie karani.